Koti la Mizani

Je, wewe umewahi kumwona fundi akikata nguo bila kukikunja kitambaa? Fikiri vizuri kabla hujajibu. Kitambaa hutandazwa mezani, hukunjwa katikati, ukingo kwa ukingo, hupigwa pasi kidogo kitulie, ndipo chaki ipite na mkasi uifuate. Ukikata upande mmoja, wa pili umekatika papo hapo, sawasawa kama pacha. Mafundi wote hukata hivyo, na Mama Sitiri alikuwa amekata hivyo kwa miaka ishirini na saba, katika chumba chake cha mbele chenye cherehani mbili, meza moja ya kukatia, na pazia la maua lililokigawa chumba nusu kwa nusu.

Jina la Mama Sitiri alipewa na wateja. Ukimwendea na tumbo, ulitoka huna tumbo. Ukiwa na nyonga moja kubwa kuliko mwenzake, alijua pa kuweka rinda hata mumeo asitambue. Hakuwa mtu wa maneno mengi, maana muda mwingi mdomo wake ulikuwa umejaa pini.

Nyuma ya pazia alikaa binti yake. Uti wake wa mgongo ulikuwa umepinda tangu utotoni. Bega la kulia lilishuka vidole vitatu chini ya la kushoto, na mfupa wa bega la kushoto ulitokeza nyuma kama kiwiko cha mtu aliyejibanza ndani ya nguo. Shuleni walimwita Mizani. Jina likamfuata mpaka nyumbani, naye hakulikataa. Alisema afadhali jina hilo kuliko yale macho ya kumwonea huruma. Tangu darasa la nne, kila gauni lake lilikuwa na kipande cha sponji begani upande wa kulia, kilichoshonewa ndani na mama yake kwa mkono, ili kwa mbali aonekane amenyooka.

Asubuhi moja mteja mmoja, mwalimu mnene mwenye sauti ya darasani, alikuwa anapimwa kiuno akasikia mkasi unalia nyuma ya pazia.

"Kumbe huko kuna mtu?"

"Msaidizi wangu," alisema Mama Sitiri, bila kubandua macho kwenye futi.

Mkasi ukanyamaza kidogo. Kisha ukaendelea.

Mwalimu alipoondoka, Mizani alitoka na karatasi mkononi akaiweka juu ya meza ya kukatia. Ilikuwa ni siku ya tatu tangu karakana kubwa ya nguo ya pale mjini ibandike tangazo mlangoni kwake. Walimtaka mkata nguo mmoja. Kila mwombaji apeleke mchoro alioubuni mwenyewe, na nguo aliyoishona kutokana na mchoro huo, ikaguliwe mbele ya wenzake. Siku zilizobaki zilikuwa kumi.

Mama Sitiri aliitazama karatasi. Akaigeuza upande, akairudisha.

"Mbona hili koti limekwenda mrama?"

"Halijakwenda mrama. Ni la kwangu."

"La kwako vipi?"

"La mwili wangu, mama. Halina sponji. Upande huu wa mgongo na upande huu havifanani, kwa sababu mimi sifanani. Na huu mshono wa katikati haushuki kama rula, unafuata uti wa mgongo unavyokwenda. Nitaushona kwa uzi wa rangi ya chungwa uonekane."

"Uonekane!" Mama Sitiri alitoa pini mdomoni, moja baada ya nyingine, akazichomeka kwenye kijimto chake cha pini. Alipofanya hivyo ujue maneno yanakuja. "Watu wanakuja hapa wananilipa niwafiche vidole vya miguu, wewe unataka kupigia mgongo tarumbeta? Wale watamvalisha sanamu hilo koti. Sanamu ana mgongo kama mlango. Litaning'inia kama nguo ya mlevi."

Karibu na mlango, juu ya mkeka, Shangazi alikuwa anashona vifungo. Huyu alikuwa dada wa marehemu baba yake Mizani, na ingawa hakuna aliyempa kazi rasmi, hakuna kifungo kilichotoka nyumba ile bila kupita mikononi mwake.

"Hebu nione," alisema. Akaishika karatasi mbali na macho kwa urefu wa mkono. "Mimi nimelipenda. Linafanana na watu wa nyumba hii. Humu ndani nani amenyooka?"

"Wifi, usimjaze mtoto upepo."

"Upepo gani, wifi? Mguu wangu huu ukisikia mvua unatembea peke yake. Wewe mwenyewe ukikaa kwenye cherehani unaegemea kushoto kama unasikiliza umbea wa jirani."

Mizani alicheka. Mama yake hakucheka.

"Hivi wewe unataka nini hasa?" alimwuliza binti yake. "Kazi, au kuwaonyesha watu?"

Mizani aliushika ukingo wa karatasi. Jibu alikuwa nalo, ila kila alipotaka kulitoa liliona haya na kurudi ndani.

"Nataka kukata nguo," alisema. Ilikuwa kweli, lakini kweli nusu.

*

Kazi ilianza na vipimo. Mizani alivaa fulana nyembamba, bila sponji, na Shangazi akamsimamisha karibu na dirisha, akampitishia chaki mgongoni akiufuata mfupa kwa kidole gumba.

"Unanitekenya, Shangazi!"

"Tulia. Barabara hii ina kona." Alishuka polepole, kutoka shingoni, akaingia kulia, akazunguka akatoka kushoto, akarudi katikati kiunoni. "Haya, tumefika. Nauli yangu iko wapi?"

Kutoka kwenye ile alama ya chaki Mizani alichora ruwaza za kukatia kwenye karatasi ya kaki, vipande kumi na kimoja, kila kimoja amekiandika mahali pake. Vipande vya mgongo vilikuwa viwili, na havikuwa pacha. Cha kushoto kilikuwa kirefu zaidi begani na kipana zaidi pale mfupa ulipotokeza. Juu ya kila kimoja aliandika kwa herufi kubwa: KATA PEKE YAKE.

Kitambaa kilikuwa cha pamba nzito, bluu ya wino, mwisho wa jora. Muuzaji alikuwa amelitikisa lile jora tupu mbele yake kumwonyesha kwamba hakuna kilichobaki. Bitana ilikuwa ya rangi ya chungwa lililoiva, laini, inayoteleza mkononi kama samaki. Kwa siku mbili Mizani alikata vipande vya mbele, mikono na kola, kitambaa kikiwa kimelala wazi mezani bila kukunjwa. Kila akikata, mama yake alipita karibu akitafuta kitu ambacho hakikuwa kimepotea.

Siku ya sita ya kazi ile, malengelenge ya mkasi yalikuwa yamempasuka Mizani kwenye kidole gumba. Alikuwa anajifunga kitambaa mama yake aliposimama upande wa pili wa meza.

"Imebaki migongo?"

"Ndiyo."

"Nenda kanunue uzi. Nitakukatia."

Mizani alimtazama. Wiki nzima mama yake hakuwa amelitaja lile koti ila kwa kuguna. 

"Kweli, mama?"

"Mkono wako umechoka, wangu haujachoka. Nenda kabla sijabadili mawazo."

Mizani alienda dukani nusu akikimbia.

Mama Sitiri alibaki na kitambaa. Aliikunjua ruwaza ya mgongo wa kulia, akailainisha kwa kiganja. Nje mtu alikuwa anabishania bei ya mkaa. Kwenye mkeka Shangazi alikuwa anasinzia na kifungo mkononi. Mikono ya Mama Sitiri ilikitandaza kitambaa, ikakikunja katikati, ukingo kwa ukingo, ikakigusa kwa pasi kidogo kitulie, ikapiga pini. Yalikuwa mazoea ya miaka ishirini na saba. Mkasi ulikwenda moja kwa moja, kwa sauti ile ya kutafuna inayofurahisha masikio ya fundi yeyote, na ulipofika mwisho vipande viwili vilijifungua mezani, sawasawa kama kurasa za kitabu.

Hapo ndipo alipoona yale maandishi. KATA PEKE YAKE. Alikuwa ameyafunika kwa kiganja chake mwenyewe.

*

Mizani hakupiga kelele. Aliweka uzi mezani, akavichukua vile vipande viwili, akavipandanisha, akaona havipishani hata kwa nywele. Kisha akaviweka chini.

"Umefanya makusudi."

"Mkono wangu ulikwenda wenyewe."

"Mkono wako!" Sasa sauti ilipanda. "Umeninyoosha, mama! Hata kwenye kitambaa umeninyoosha! Huyu uliyemkata ni nani? Huyu si mimi, ni yule binti uliyetaka kumzaa!"

Shangazi aliamka. Kifungo kikaanguka kikabingirika chini ya cherehani, na hakuna aliyeinama kukitafuta.

"Punguza sauti, majirani—"

"Wasikie! Wajue kwamba nyuma ya pazia hakuna msaidizi, kuna mwanao!"

Mama Sitiri alikaa kwenye kiti cha cherehani. Akavuta droo, akaifunga. Akaivuta tena.

"Nimekosea," alisema mwishowe. "Nimeteleza au nilitaka, hata mimi sijui. Ningekuwa najua ningekwambia. Nilikuwa nakifikiria kile chumba chenye watu, wanavyokutazama, na mikono ikakunja." Akapangusa uso kwa futi iliyoning'inia shingoni, kama vile ni leso. "Lakini bado inaweza kusitirika. Tutaweka kola kubwa, inayoshuka mpaka hapa, tupachike na sponji kidogo..."

"Hapana."

"Kitambaa kimekwisha, mwanangu. Duniani hakuna kingine."

"Nimesema hapana. Hakuna kufunika tena."

Mizani alivishika vile vipande, akavitandaza sakafuni. Akakisogeza cha kushoto juu kwa vidole vitatu, mpaka bega likakaa panapotakiwa. Pakatokea pengo katikati, jembamba shingoni, pana pale penye mfupa, likikata kona na kurudi kiunoni, na chini upande wa kushoto pindo likapungua. Alikaa kwa magoti akilitazama lile pengo kwa muda mrefu. Kisha akachukua ile bitana ya chungwa akaitelezesha chini yake.

Rangi ilijaa pale katikati kama mtu amewasha taa chini ya mlango.

"Kiraka!" alisema Mama Sitiri. "Utawapelekea kiraka?"

"Kiraka ni cha rangi ileile, kinachoomba kisionekane. Hiki wataanza kukiona wakiwa barabarani. Kitashuka hivi na uti wa mgongo, kikifika chini kitageuka kushoto kufuata pindo." Alikuwa anaongea haraka sasa, kidole kikichora hewani. "Ni kizuri kuliko ule uzi niliochora. Ni kizuri zaidi, mama, tazama!"

Shangazi alijiburuta kutoka kwenye mkeka, akainama. "Mh," alisema. "Wifi, umekosea vizuri."

Zilibaki siku nne. Cherehani ilikataa, pamba nzito na bitana inayoteleza havikutaka kwenda pamoja kwenye zile kona, vikajikunja mashavu. Ikabidi iwe kwa mkono. Mizani alipiga bandi kwa uzi mweupe, mishono mirefu ya kushikilia tu, kisha Shangazi akaanza juu, shingoni, kwa mishono midogo kama mbegu za nyanya. Mizani alishika kona mbili. Asubuhi ya pili mteja aliyekuja kuchukua sketi aliambiwa arudi kesho, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mama Sitiri alivaa subana kidoleni, akajisogeza sakafuni upande wa pindo, akatunga uzi.

"Unaziweka mbalimbali mno," alimwambia binti yake bila kumtazama.

"Kidole kinauma."

"Basi tumia cha pili. Vyote ni vyako."

Koti lilipokamilika, na pasi ikapita juu ya kitambaa chenye maji na mvuke ukapanda, Shangazi alichomoa uzi mweupe wa mwisho wa bandi. Mizani alilivaa. Halikuvuta popote. Kwa mara ya kwanza tangu darasa la nne kola yake ilikaa shingoni bila kukimbilia upande mmoja.

*

Karakana ilikuwa na dirisha kubwa mbele, na karibu na dirisha meza pana, kioo kirefu, na kijukwaa cha mbao ambapo wateja walisimama kupimwa. Nyuma kulikuwa na majora yaliyopangwa mpaka darini na mlango wa stoo. Waombaji walikuwa tisa. Wazazi na wasindikizaji walikaa kwenye benchi, Mama Sitiri katikati yao na mkoba wake magotini. Shangazi alikuwa amebaki nyumbani na mguu wake, lakini si kabla ya kumwambia Mizani, "Wakikucheka, wahesabu. Ukifika kumi watakuwa wamechoka."

Mkuu wa karakana aliitwa na wafanyakazi wake Bwana Mkasi. Alikuwa mtu wa miaka sitini, miwani juu ya kipaji cha uso, shati limepigwa pasi hadi linakata. Alitazama mchoro, akalitazama koti, akampa karani amvalishe sanamu.

Lilikaa vibaya kuliko Mama Sitiri alivyotabiri. Bega la kulia likajinyonga, la kushoto likasimama tupu kama begi lisilo na kitu, ule utepe wa chungwa ukapinda kwenye mgongo ulionyooka. Kijana aliyekuwa ameleta suti alikohoa. Wasichana wawili wakaziba midomo.

"Binti," alisema Bwana Mkasi, akilibana bega kwa vidole viwili, "futi yako ilikuwa imelewa?"

Sasa walicheka wazi. Mizani akaanza kuhesabu. Alipofika nne alimwona mama yake amesimama, amefungua mkoba. Ndani yake kulikuwa na sponji. Mama Sitiri alimkaribia, akanong'ona:

"Nimtie sanamu begani? Upande wa kushoto. Litakaa."

Mizani aliitazama ile sponji, akamtazama sanamu, na kicheko kikamtoka, kikubwa, mpaka waliokuwa wanacheka wakanyamaza.

"Hapana, mama. Mwache alivyo, maskini. Hakujiumba."

Akalivua koti kutoka kwenye sanamu. Akavua na sweta lake lenye bega la uongo, akampa mama yake alishike, akasimama mbele ya watu wote hao na mgongo wake. Kisha akavaa koti, akafunga vifungo vitano, akatembea mpaka dirishani na kurudi.

Nguo ilikuwa imempata mwenyewe. Utepe ulishuka naye, ukakata kona alipokata, ukazunguka pindo likachezacheza magotini. Bwana Mkasi alishusha miwani.

"Geuka." Aligeuka. "Inua mkono. Mwingine. Huu mshono ni wa mkono?"

"Wa mikono sita. Nyumbani kwetu."

"Mh." Aliuzunguka mgongo ule mara mbili. "Limekaa. Siwezi kusema halijakaa. Lakini mimi nashonea watu, binti, watu walionyooka. Wenye mgongo kama huu ni wangapi?"

"Naomba futi," alisema Mizani.

"Ya nini?"

"Nakuomba tu, mzee wangu."

Alimpa. Mizani akaweka ncha kwenye bega la kulia la mzee, akamwomba karani ashike mwisho sakafuni. Akasoma kwa sauti. Akaenda bega la kushoto, akasoma. Kati ya moja na jingine palikuwa na kidole kizima na nusu. Karani akasogea akahakikisha, akainua nyusi.

"La kulia limeshushwa na mkasi," alisema Mizani. "Wakata nguo wote wanalo. Ndiyo maana shati lako linakubana kwapa la kushoto, na kola inakukimbilia huku. Tangu niingie umeirudisha mara nne."

Mkono wa Bwana Mkasi, uliokuwa njiani kuelekea kwenye kola, ulisimama hewani. Benchi zima likapasuka kwa kicheko, na safari hii hakikuwa cha kumcheka Mizani. Mzee alikohoa, akautia mkono mfukoni, akakitazama kioo kwa upande, kama mtu anayemtazama mgeni asiyemwamini sana.

"Miaka thelathini na tano," alisema polepole. "Nilidhani ni mashati."

Akarudi nyuma ya meza. Akampa karani ishara aandike.

"Wewe unajua kukata. Anza Jumatatu. Kuna meza huko nyuma, karibu na stoo. Pametulia, mwanga upo wa kutosha, wateja hawafiki, hakuna atakayekukodolea macho."

"Ahsante sana, bwana, Mungu akuba—" Mama Sitiri alikuwa ameshaanza kupiga goti. Akahisi mkono wa binti yake umemshika juu ya kiwiko, ukamwinua.

"Hapana," alisema Mizani.

Kalamu ya karani ilisimama.

"Mwanangu!" alinong'ona mama yake.

"Hapana nini?" aliuliza Bwana Mkasi. "Si ulikuja kuomba kazi? Watu wanane hapa wanaitaka hiyo meza. Wewe basi unataka nini?"

Swali lilelile la mama yake. Mizani aliuona uso wa mama yake, umejaa hofu, midomo imebanwa kana kwamba bado imeshika pini. Akaona pia kwamba sweta lile mama yake alikuwa amelikumbatia kifuani, na hakuwa akimpa avae.

"Nataka ile ya mbele," alisema, na akanyoosha mkono kuelekea dirishani, kwenye kioo na kijukwaa cha mbao. "Nataka kuwapima wateja mimi, hapo, mchana kweupe. Mtu akiingia, wa kwanza kumwona niwe mimi."